Mgeni Huwa Mwenyeji Lini?

Suluhisho la kudumu kwa mkimbizi hutafutwa kwa njia tatu: kurejea kwao kwa hiari, kubaki katika nchi iliyompa hifadhi, au kuhamishiwa nchi ya tatu. Njia hii ya mwisho huwafikia wachache mno, chini ya asilimia 1 ya wakimbizi wote duniani kwa mwaka, na pengine ndiyo maana wengi hudhani kwamba aliyeipata ameshafika. Kumbe safari nyingine huanzia pale pale uwanja wa ndege.

Ibara ya 34 ya Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 inazitaka nchi zirahisishe, kadiri iwezekanavyo, upatikanaji wa uraia kwa wakimbizi. Uraia humwondolea mtu hofu ya kurudishwa alikotoroka, lakini hati peke yake haimfanyi ajione yuko kwao.

Tumtazame mama aliyekaa mbele ya daktari, huku mwanawe wa miaka kumi, aliyeishika lugha upesi shuleni, akimtafsiria. Mama ana maradhi ya kike. Anameza maneno, anasema ni kichwa tu kinamuuma, na dawa anayoandikiwa ni ya kichwa. Jioni mtoto huyo huyo ndiye anayesoma barua ya mwenye nyumba na kuamua ijibiwe vipi. Mkalimani mtu mzima, pamoja na darasa la lugha lenye mahali pa kuwaacha watoto wachanga, vingemrudishia mama huyo sauti yake na nafasi yake kama mzazi.

Wakimbizi hulaumiwa kwamba hukaa wenyewe kwa wenyewe. Lawama hiyo, kwa maoni yangu, haina msingi. Watafiti Alastair Ager na Alison Strang, katika makala yao ya mwaka 2008, walionyesha kuwa mkimbizi huhitaji mahusiano na watu wa asili yake, na jamii nyingine, na vilevile na taasisi za dola. Na mara nyingi ni wale wa asili yake wanaomtia moyo wa kuwaendea wengine.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tumezoea kuusikia msemo huu kama kumfukuza mtu kiungwana, ilhali kwa mkimbizi kunyimwa jembe ndiko kunakouma. Seremala ambaye vyeti vyake havitambuliwi huishia kufagia maghala, akipokea misaada na kushukuru kila siku, mpaka jioni moja jirani anapobisha hodi, si kumletea nguo za mitumba, bali kumwomba aje amtazamie mlango uliogoma kufunga.