Ukitaka uzamivu wa moyo, anzia wodini

Mwezi haupiti bila daktari kijana kuniuliza, "Dokta, nafasi za uzamivu, yaani PhD, kwenye moyo nazipata wapi?" Huwa namrudishia swali: mgonjwa wako wa mwisho ambaye moyo ulikuwa umeshindwa kazi, yule wa miguu kuvimba na kulalia mito mitatu, alikuwa na miaka mingapi?

Mara nyingi ni hamsini na kidogo. Utafiti wa THESUS-HF uliotoka mwaka 2012, wagonjwa 1,006 wa moyo kushindwa kazi kutoka nchi tisa za Afrika, ulipata wastani wa miaka 52. Ulaya wengi wamevuka 70. Kule kuziba kwa mishipa inayolisha moyo ni chanzo kikubwa; kwetu kinachotangulia ni presha.

Mimi nililipia kutolijua hilo. Kwenye andiko langu la kwanza la utafiti nilitaka washiriki wa miaka 65 na zaidi, kwa sababu makala nilizosoma zilifanya hivyo. Nikakaa kliniki miezi minne, nikapata watu kumi na mmoja. Tena wengine hawakuwa na hakika na mwaka wao wa kuzaliwa. Bibi mmoja wa Ukerewe aliniambia, "Uhuru unakuja mwanangu, mimi nilikuwa tayari nateka maji ziwani." Haya, mteka maji wa 1961 alikuwa na miaka sita au kumi na miwili?

Hapo ndipo swali zuri lilipojificha. Kadiri mtu anavyozeeka, aota, ule mshipa mkuu unaotoa damu moyoni, hukakamaa. Moyo unasukuma damu kwenye bomba gumu, ukuta wa chemba ya kushoto unanenepa, makovu madogo yanaingia, na moyo haulegei vizuri ujae. Eko, kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti, inaweza kuonyesha kila pigo linasukuma asilimia 50 au zaidi ya damu iliyomo kwenye chemba hiyo, na bado mwenyewe anahema nusu ya kilima cha hospitali ya Bugando, Mwanza. Presha isiyotibiwa hufanya kazi hiyohiyo, ila haingoji uzee. Kwa hiyo umri wa mishipa si lazima ulingane na ule wa kitambulisho cha NIDA, na unapimika: kasi ya wimbi la mapigo kutoka shingoni hadi kwenye kinena. Ikipita mita 10 kwa sekunde, mishipa imeshakakamaa.

Wagonjwa wa mwaloni, kule ziwani mitumbwi ya wavuvi inakotia nanga, wana lao pia. Mayai ya kichocho yakifika mapafuni hupandisha shinikizo huko, na upande wa kulia wa moyo ndio unaoumia.

Nafasi zipo. CUHAS, chuo kikuu cha afya cha hapo Bugando, ina uzamivu; NIMR Mwanza, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, ina watafiti wa kukaa nao; DAAD ya Ujerumani na Jumuiya ya Madola hutoa ufadhili. Wengi husoma nusu hapa nusu ng'ambo, na wasimamizi wawili. Kibali cha maadili kianze mapema, kinachelewa.

Ila barua ya "naomba nafasi" mimi siijibu. Niletee kurasa mbili, na hesabu ya wagonjwa uliyoitoa mwenyewe kwenye rejista ya wodi yako, umri wao ukiwemo.