Gesi imeshuka bei, niuze eneo langu la Lindi?

Wiki hii simu ileile imenipata tena. Safari hii ni mama mmoja aliyenunua ekari mbili Lindi kwa kuutazamia mradi wa LNG, yaani gesi asilia inayopozwa hadi iwe kimiminika ili isafirishwe kwa meli. Mpwa wake kamwonyesha kwenye simu kwamba gesi imeanguka bei Marekani. Shikamoo yangu haijaitikiwa vizuri, swali limeshafika: "Mwanangu, mradi si ndiyo umekufa? Niuze?" Nimekuwa nikilijibu kwa miaka. Leo naliandika, atakayeuliza tena nimtumie.

"Bei imeshuka, kwa hiyo mradi umekufa."

Bei ipi? Aliyoiona mpwa ni ya Henry Hub, gesi inayopita kwenye mabomba kule Louisiana. Gesi yetu ya bahari kuu ikisindikwa inatazamiwa kuuzwa zaidi Asia, na mikataba mingi ya muda mrefu ya huko inafuata bei ya mafuta ghafi. Chukua mkataba wa asilimia 12 ya Brent, bei rejea ya mafuta ghafi duniani: pipa likiwa dola 70, gesi ni dola 8.40 kwa MMBtu, kipimo cha nishati kinachotumika kuuzia gesi. Henry Hub ishuke hadi 2 au ipande hadi 5, ankara ya mnunuzi huyo haibadiliki hata senti. Pipa likianguka, hapo nipigie.

Tena mtambo uliokwisha kujengwa haufungwi kwa bei ya msimu. Gorgon ya Australia ilitoa shehena ya kwanza Machi 2016, pipa likiwa kwenye dola 40 hivi, baada ya gharama za ujenzi kupanda kutoka dola bilioni 37 hadi 54. Waliuza tu. Ungefanyaje, na fedha zimeshazama? Mwaka 2020 bei ya papo kwa papo Asia, yaani ya shehena mojamoja isiyo na mkataba mrefu, ilishuka chini ya dola 2. Wanunuzi walighairi shehena nyingi za Marekani, lakini mitambo kama ya kampuni ya Kimarekani ya Cheniere iliendelea kupokea ada yake ya usindikaji, kwa kuwa mkataba unasema uchukue usichukue, ada utalipa.

Bei mbaya inauma mradi ambao haujasainiwa, na wa Lindi ni wa kundi hilo. Mnunuzi akiona soko limejaa hana haraka ya kujifunga miaka 20, na akikubali ataitaka ile asilimia 12 iwe 11. Benki nayo inapunguza bei inayowekea hesabu, mkopo unasinyaa, uamuzi wa mwisho wa uwekezaji unasogezwa. Kusogezwa lakini si kufa. Januari 2021 Equinor, kampuni ya Norway iliyomo kwenye mradi, ilifuta kwenye vitabu vyake dola milioni 982 za mradi huu, simu yangu ikaita mpaka usiku. Juni 2022 kampuni hiyohiyo, pamoja na Shell, ilisaini makubaliano ya awali na serikali yetu.

Na kama bei ndiyo kila kitu, mbona Agosti 2022, gesi ya Asia ilipopita dola 60, Lindi haukuchimbwa hata msingi? Watu walikuwa mezani wakibishania kodi na mgawanyo. Ndiyo maana nawaambia wateja waache kukodolea chati, waulize mtambo utagharimu kiasi gani kwa kila tani. Visima vya kitalu namba 2, kimojawapo cha vitalu vya gesi ya mradi huu, viko kwenye maji yenye kina kinachozidi mita 2,000, na serikali imeshataja dola bilioni 42 kwa mradi mzima. Gharama hizo zikipanda kwa asilimia 10 tu, ni bilioni 4.2 nyingine za kutafutwa.

"Gesi haiozi, tusubiri bei ipande."

Haiozi, ila foleni ina watu. Qatar inapanua uwezo wake kutoka tani milioni 77 kwa mwaka kuelekea 142, na kwa gharama ambazo wachache wanaziweza. Majirani zetu Msumbiji walishasafirisha shehena ya kwanza ya Coral Sul, mtambo wao wa LNG unaoelea baharini, Novemba 2022.

"Bei ikishuka, hasara ni ya wazungu."

Someni mikataba, jamani. Katika kugawana mapato, kampuni inarudisha kwanza gharama zake. Bei ikiwa chini, urudishaji unachukua miaka mingi zaidi, na faida ya kugawana na TPDC, shirika letu la mafuta la taifa, inazidi kuwa mbali.

"Angalau mtungi wangu wa jikoni utashuka."

Hautashuka kwa sababu hiyo. Ndani ya mtungi mna propani na butani zilizoletwa kwa meli, na bei yake inafuata ile inayotangazwa na Saudi Aramco. Gesi asilia ya visima vyetu vya Songo Songo na Mnazi Bay haimo humo.

Yule mama nilimjibu hivi: kama eneo ulilinunua kwa mkopo wa benki, uza, hata Henry Hub ingekuwa dola 20. Kama ni hela yako mwenyewe, panda mikorosho, usubiri nayo.