Springi ngumu sio dawa ya Mustang ya zamani

Kuna hii imani ya miaka mingi kwamba ukitaka Ford Mustang ya 1965 ikate kona vizuri unaifunga springi ngumu kuliko zote, gari ikikaa kama ubao basi imeiva. Hapana jamani. Ile gari haina chesisi ya kujitegemea, bodi yenyewe ndo imebeba kila kitu, na springi za mbele zinasukuma minara miwili ya bati pembeni ya injini, sasa ukiweka springi ngumu ile nguvu haipotei, inahamia kwenye bati, bodi inajipinda na tairi inarukaruka badala ya kushika lami.

Angalia GT350 ya 1965, ile Mustang iliyoboreshwa na fundi wa magari ya mbio Carroll Shelby na watu wake. Walishusha matundu ya kufungia mkono wa juu wa sasipensheni kama inchi 1, yaani wametoboa matundu mapya tu, ila gari ikilala kwenye kona tairi ya nje inabaki imekaa vizuri zaidi barabarani. Wakaweka na shokapu za kampuni ya Koni, na vyuma vya kuifunga ile minara isicheze. Mi hilo la matundu ndo nalipenda kuliko yote, kazi ndogo faida kubwa.

Kwa hiyo anza na kutu na bushi (zile raba za kwenye viungo vya sasipensheni) zilizokufa, kisha chomelea vyuma vya kuunganisha mbele na nyuma kule chini, halafu shusha matundu. Springi ngumu kiasi zije mwisho pamoja na shokapu zinazoziweza, maana shokapu dhaifu haiwezi kuituliza springi kali.