Mahabusu, korona na dhamana Marekani: yaliyosemwa na yaliyoamuliwa

Korona ilipotanda Marekani mwaka 2020, mawakili walikimbilia mahakamani kuwaombea dhamana watu waliokuwa mahabusu wakisubiri kesi. Maamuzi yaliyotolewa yanasimuliwa kinyume hadi leo.

Dhana: Majaji waliwafungulia wahalifu.

Mahabusu si mfungwa. Hajahukumiwa, na sheria inamhesabu hana hatia. Tofauti hiyo ndiyo iliyoamua mambo Massachusetts tarehe 3 Aprili 2020. Mahakama ya juu kabisa ya jimbo hilo ilisema mahabusu wasioshtakiwa kwa makosa ya ukatili yaliyoorodheshwa waachiwe, isipokuwa ithibitike kwamba mhusika atatoroka au ni hatari kwa jamii. Kwa waliokwisha kuhukumiwa, mahakama hiyohiyo ilisema haina mamlaka ya jumla ya kusimamisha vifungo vyao. Anayeyachanganya makundi haya mawili anamhukumu mtu kabla ya hakimu.

Dhana: Ukitaja korona tu, unatoka.

Huko Kansas, tarehe 25 Machi, mshtakiwa wa dawa za kulevya aliomba kuachiwa kwa muda kwa sababu ana kisukari. Hakimu wa shirikisho, yaani wa mahakama za serikali kuu na si za jimbo, alipima mambo manne: sababu za awali za kumzuia, hofu ya ugonjwa inamhusu yeye binafsi kiasi gani, huko aendako atakuwa salama zaidi au la, na kama kutoka kwake kutawaambukiza wengine. Ombi likakataliwa, na mahakama nyingine nyingi zikakitumia kipimo hicho.

Jambo la pili kati ya hayo manne, la hofu kumhusu mtu binafsi, nakiri naliona gumu mno. Aliyefungiwa chumba kimoja na wenzake hawezi kumkwepa anayekohoa, awe na kisukari au asiwe nacho. Hata hivyo ndivyo sheria ilivyosomwa: hofu ya jumla haikutosha.

Dhana: Aliyenyimwa dhamana mara ya kwanza hana pa kwenda.

Sheria ya dhamana ya shirikisho ya mwaka 1984 inaruhusu suala lifunguliwe upya zikipatikana taarifa mpya. Inaruhusu pia mtu aachiwe kwa muda ili aandae utetezi wake. Tarehe 19 Machi, Jaji Alison Nathan wa New York alimwachia mshtakiwa aliyekuwa amenyimwa awali. Ushahidi dhidi yake ulikuwa umelegea, ugonjwa ulikuwa unaenea, na magereza ya shirikisho yalikuwa yamesitisha ziara, hata za mawakili. Utaandaaje utetezi bila kuonana na wakili wako? Lakini hakuachwa huru mitaani: aliamriwa kukaa ndani ya nyumba saa 24, akifuatiliwa kwa kifaa cha elektroniki.

Dhana: California ilifuta dhamana moja kwa moja.

Tarehe 6 Aprili, baraza la mahakama la jimbo hilo lilishusha dhamana hadi dola 0 kwa makosa mengi madogo. Makosa mazito ya ukatili hayakuguswa. Kanuni hiyo ilikoma tarehe 20 Juni 2020, kila kaunti ikaachiwa kuamua yenyewe.