Straika wa kuhamahama: tunayoyaamini na yaliyopo

Vijiweni kwetu, mshambuliaji aliyepita timu kumi hupewa jina haraka sana: garasa. Hoja yake ni fupi na inaonekana haina pa kupingwa. Angekuwa mzuri, si angebaki? Hoja hiyo ndiyo ninayotaka kuivunja hapa, na nitamtumia Adebayo Akinfenwa, Mwingereza mwenye asili ya Nigeria, ambaye wengi wetu tulimfahamu kwenye gemu ya FIFA kwa sababu ya nguvu zake kabla ya kumwona akigusa mpira wa kweli.

Kwanza tuelewane kuhusu ngazi zenyewe. Chini ya Ligi Kuu ya Uingereza yenye timu 20 kuna madaraja matatu, Championship, League One na League Two, kila moja likiwa na timu 24. Hizo ni timu 72. Chini yake ipo National League, halafu madaraja mengine yanayoendelea kushuka hadi kwenye viwanja vya vijijini. Humo ndimo straika wa aina hii anapopatia riziki yake.

Dhana: Anayehama sana hatakiwi na mtu

Tuanze na mwanzo wa safari ya Akinfenwa. Akiwa kijana alikwenda Lithuania kuichezea Atlantas ya mji wa Klaipėda, na huko alitukanwa kwa rangi yake na mashabiki, wakiwemo wa timu yake mwenyewe. Akarudi, akatua Barry Town ya Wales. Mwaka 2003 Barry walikuwa mabingwa wa nchi hiyo, lakini fedha zikakatika na timu ikasambaratika. Msimu uliofuata, 2003-04, akapita Boston United, Leyton Orient, Rushden & Diamonds na Doncaster Rovers. Timu nne, msimu mmoja.

Ukiisoma orodha hiyo bila habari nyuma yake utasema kijana alikuwa hafai. Lakini Barry haikumwacha kwa kuwa hajui kufunga. Ilimwacha kwa sababu haikuwa na hela. Na hivyo ndivyo ilivyo kwa sehemu kubwa ya uhamisho wa huku chini. Mikataba mingi ni mifupi, ya mwaka mmoja au miezi michache. Kocha aliyekusajili akifukuzwa, anayekuja ana watu wake. Timu ikishuka daraja, bajeti inakatwa. Ikipanda, kocha anataka miguu mipya. Kila msimu unapokwisha, klabu hutangaza orodha ya wanaobaki na wanaoachwa, na kuna wanaoachwa wakiwa wametoka tu kusherehekea kombe.

Akinfenwa mwenyewe ni mfano wa hilo, tena mbele ya kamera. Mei 30, 2016, AFC Wimbledon walicheza fainali ya mtoano ya League Two pale Wembley dhidi ya Plymouth Argyle. Wakashinda 2-0, na yeye akafunga bao la pili kwa penalti katika dakika za nyongeza. Timu imepanda daraja, uwanja unarindima, na mfungaji hana kazi: mkataba wake ulikuwa unakwisha na alikwisha kujua kwamba hatabaki. Kwenye mahojiano baada ya mechi akasema wazi kuwa hana ajira, akawaomba makocha wamtafute WhatsApp. Watu walicheka. Mimi naona lilikuwa tangazo la kazi, na lilifanya kazi yake, maana Wycombe Wanderers walimchukua.

Halafu kuna jambo ambalo wenye hoja ya garasa hawaligusi kabisa. Northampton Town walimsajili mara mbili. Gillingham nao mara mbili. Nani anarudi dukani kununua tena kitu kilichomharibikia? Fundi ujenzi akimaliza nyumba hii huhamia nyingine, na mwenye nyumba anayemwita tena miaka miwili baadaye anakuwa amekwisha kutoa hukumu yake juu ya kazi.

Dhana: Straika hupimwa kwa mabao tu

Mabao yana uzito, na Akinfenwa alikuwa nayo, zaidi ya 200 katika maisha yake ya soka. Agosti 2005 ndiye aliyefunga bao pekee Swansea City walipocheza mechi yao ya kwanza ya ligi kwenye uwanja wao mpya, dhidi ya Tranmere Rovers. Wycombe nako akaja kuwa mfungaji wao bora wa muda wote katika ligi.

Lakini huku chini viwanja vingine ni vizito, mvua ni nyingi, na mabeki wengi hawapewi muda wa kuchezacheza na mpira. Mpira mrefu unapigwa, na mtu lazima aupokee akiwa ameugeuzia mgongo ukuta wa mabeki. Kazi ya namba tisa wa aina hii ni kuutuliza, kumkalia beki, kumwachia kiungo anayekuja kasi, kutafuta faulo, na kuipa timu sekunde chache za kupumua. Hayo hayaandikwi kwenye jedwali la wafungaji. Kocha Gareth Ainsworth aliijenga Wycombe ikijua kabisa ina mtu wa kilo zaidi ya 100 pale mbele, na kwa mtindo huo ikapanda kutoka League Two mwaka 2018. Julai 2020 wakawafunga Oxford United 2-1 na kuingia Championship kwa mara ya kwanza katika historia yao.

Wanaosema alibebwa na mwili tu wajiulize: wako wanyanyua vyuma wangapi, na wangapi kati yao wamecheza soka la kulipwa hadi umri wa miaka 40?

Hapo pia kuna miguu iliyovunjika na vipindi vya ukame. Alivunjika mguu akiwa Swansea. Alipopona akaenda Millwall kwa muda mfupi mwishoni mwa 2007, hakufunga hata bao moja. Januari 2008 akaingia Northampton na mabao yakarudi. Miguu ni ile ile, miezi michache tu tofauti. Kama ungemhukumu kwa Millwall peke yake, ungekuwa umekosea kabisa.

Dhana: Akicheza Uingereza, basi ni tajiri

Hii inaumiza familia nyingi za Kiafrika zenye mtoto huko. Ligi Kuu wapo wanaozidi pauni 200,000 kwa wiki. Sasa shuka. Agosti 2020 klabu za League Two zilipitisha ukomo wa gharama za wachezaji: pauni milioni 1.5 kwa mwaka, kwa kikosi kizima. League One ilikuwa milioni 2.5. Chukua ile milioni 1.5 uigawe kwa wachezaji 22 na kila mmoja anapata kama pauni 68,000 kwa mwaka kabla ya kodi. Chama cha wachezaji kilipinga utaratibu huo na ukafutwa Februari 2021, lakini tarakimu zenyewe zinakuonyesha klabu ziliona zinaweza kumudu nini.

Pauni 68,000 si fedha ya kudharau. Ila mkataba ni wa mwaka mmoja, kodi ya nyumba inabadilika kila unapohama mji, na goti likisaliti Machi, Juni huna mshahara.

Dhana: Kila mmoja wao ni Vardy anayesubiri zamu

Jamie Vardy alitoka Stocksbridge Park Steels, timu ya madaraja ya chini kabisa, Leicester wakamnunua kutoka Fleetwood mwaka 2012 kwa takriban pauni milioni moja, na 2016 akawa bingwa wa Uingereza. Rickie Lambert aliachwa na Liverpool akiwa na miaka 15, akawahi kufanya kazi kwenye kiwanda cha bitiruti, akapita Macclesfield, Stockport, Rochdale na Bristol Rovers, na Agosti 2013 akafunga kwa mguso wake wa kwanza akiichezea England dhidi ya Scotland. Habari tamu kabisa. Zinasimuliwa kwa sababu ni adimu. Akinfenwa hakufika Ligi Kuu kamwe. Kilele chake kilikuwa msimu mmoja wa Championship, akiwa amekwisha kufikisha miaka 38. Kwa mshambuliaji wa huku, hiyo ni safari iliyokamilika.

Dhana: Hayo ni ya Wazungu, sisi hayatuhusu

Adi Yussuf alizaliwa Zanzibar, akalelewa kwenye timu za vijana za Leicester City, kisha akazunguka: Burton Albion, Mansfield Town, Solihull Moors, Blackpool, Wrexham na nyingine kadhaa. Ameichezea Taifa Stars. Taiwo Atieno, mzaliwa wa London aliyeichezea Harambee Stars, alipita Walsall, Luton Town, Torquay United na Barnet, na katikati akavuka hadi Puerto Rico.

Majina hayo yakitajwa kwenye kikosi cha taifa, maoni ya mitandaoni huwa ni yale yale: timu gani hiyo, mbona haionyeshwi kwenye televisheni, kwa nini kila mwaka yuko kwingine? Swali la tatu lina majibu ya kawaida kabisa, nayo tumeshayaona. Kabla ya kumwita mtu garasa, tafuta habari tatu: mkataba wake ulikuwa wa muda gani, kocha aliyemsajili bado yupo, na je, ipo klabu iliyomwacha kisha ikamrudia.