Je, wajua kwa nini mwanga wa taa unaweza kutibu sonona?

Nairobi, siku ndefu kuliko zote inaizidi fupi kuliko zote kwa dakika kumi hivi. Dar es Salaam tofauti hiyo haifiki saa moja. Sasa fikiria Stockholm, ambako mwezi Desemba jua hukaa angani saa sita tu, au Tromsø, kaskazini mwa Norway, ambako halichomozi kabisa tangu mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari. Ndugu zetu wengi wanaishi nchi hizo, na baadhi yao hupatwa na jambo lisiloeleweka kirahisi: kila baridi ikiingia wanalala mno bila kuchangamka, wanatamani wanga na sukari, wanajitenga na watu, na moyo unakuwa mzito hadi masika ya huko yafike. Mara nyingi huambiwa ni upweke au kukumbuka nyumbani. Inaweza kuwa sonona ya msimu, ugonjwa wenye tiba.

Tiba yenyewe ilianzia Marekani. Mhandisi Herbert Kern alikuwa ameandika hali ya moyo wake katika daftari kwa miaka mingi, akaona kwamba anazama kila siku zinapofupika. Mwaka 1980 Alfred Lewy na wenzake walikuwa wamethibitisha kwamba mwanga mkali huzuia melatonini, homoni ya usiku, isitoke kwenye ubongo wa binadamu. Mwanga hafifu wa chumbani haukufanya hivyo. Kern aliwafuata watafiti hao, nao wakamweka mbele ya taa kali alfajiri na jioni, kana kwamba wanamrefushia siku. Baada ya siku chache akaanza kupata nafuu. Mwaka 1984 Norman Rosenthal, daktari aliyezaliwa Afrika Kusini, akaueleza rasmi ugonjwa huu pamoja na tiba yake.

Lakini mwanga unaufikiaje moyo wa mtu? Njia yake ni jicho, wala si ngozi. Nyuma ya jicho, kando ya chembe tunazoonea, zipo nyingine chache ambazo kazi yake kubwa ni kupima mwanga. Zina kemikali iitwayo melanopsini, na husisimka zaidi kwa mwanga wa bluu, ule uliojaa angani mchana. Wapo hata vipofu ambao chembe hizi bado ni nzima: hawaoni chochote, ila miili yao inajua kumekucha.

Habari hiyo hupelekwa kwenye kiini kidogo sana ndani ya ubongo, chenye chembe zipatazo 20,000, ambacho ndicho saa ya mwili. Saa hii kwa watu wengi huzidi saa 24 kidogo, kwa hiyo lazima irekebishwe kila asubuhi. Asubuhi ikiwa giza, inachelewa. Mtu anaamka, anavaa, anakwenda kazini, huku mwili wake ungali usiku. Mwanga mkali wa asubuhi huirudisha saa mahali pake. Sidhani kama hayo ndiyo yote, maana mwanga hugusa pia sehemu za ubongo zinazohusika na hisia moja kwa moja, lakini ndiyo maelezo yenye ushahidi mwingi.

Kwa hiyo wakati wa kuutumia mwanga una uzito sawa na ukali wake. Ukali wa mwanga hupimwa kwa luksi, na kiasi kinachotumika sana ni luksi 10,000 kwa nusu saa, mara tu baada ya kuamka. Ofisi ya kawaida ina luksi 300 hadi 500. Taa ya sebuleni haifai kabisa kwa kazi hii. Unakaa karibu na taa, macho wazi, unakunywa chai au unasoma, bila kuikodolea. Ukiitumia usiku utaukimbiza usingizi.

Wengi hudhani tiba hii ni ya baridi tu. Mwaka 2016 watafiti wa Kanada walichapisha matokeo ya watu 122 wenye sonona isiyofuata msimu. Baada ya wiki nane, dalili zilikuwa zimekwisha kwa asilimia 59 hivi ya waliopewa taa pamoja na fluoksetini, dawa ya sonona, asilimia 44 ya waliopewa taa peke yake, na asilimia 30 ya waliopewa kifaa na vidonge vya kuigiza, visivyo na tiba ndani. Ni utafiti mdogo, hautoshi kumwambia mtu aache dawa zake, ila unastahili kujulikana na madaktari wetu.

Tahadhari zipo. Mwenye baipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, anaweza kuchochewa hadi kwenye msisimko uliopitiliza, kwa hiyo asianze bila daktari. Vivyo hivyo mwenye ugonjwa wa retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, au anayetumia dawa zinazofanya mwili usistahimili mwanga. Taa iwe inayochuja miale ya urujuanimno. Kichwa kinaweza kuuma siku za mwanzo. Nafuu huja ndani ya wiki moja au mbili, na ukiacha katikati ya baridi dalili hurudi. Anayewaza kujiua asisubiri taa. Aende hospitali siku hiyohiyo.

Na aliye Mwanza au Mombasa hana haja ya kununua kifaa ili kupata mwanga: saa mbili asubuhi, anga likiwa safi, nje kuna zaidi ya luksi 10,000.