Mazoezi ya jeshi kwenye kompyuta sio gemu tu jamani

Juzi hapa stendi ya boda Jinja jamaa mmoja alisema eti mazoezi ya jeshi ya kompyuta ni gemu tu, ukishaweka picha kali umemaliza kazi. Hapana ndugu yangu. Ni kweli 1996 Marine wa Marekani walichukua gemu ya Doom II wakaigeuza ya mazoezi, ila picha zilikuwa za kawaida kabisa, walichotaka ni askari wanne wazoee kuelewana.

Mtengenezaji wa mazoezi haya anaanza na swali, kamanda ajifunze kuamua nini? Chukua msafara Mogadishu, ambako jeshi la Uganda, UPDF, lilienda 2007: gari bovu limeegeshwa pembeni, sokoni ghafla hakuna mtu, redio inakwaruza halafu inakata, na una sekunde chache tu usimame au upite. Kila kitu hapo kimewekwa makusudi, hata lile soko tupu.

Na programu inarekodi yote, nani alisema nini na saa ngapi, baadaye wanakaa pamoja wanarudisha nyuma wanaulizana kwa nini ulipita pale afande? Mimi naona somo lenyewe liko hapo, na ndiyo sehemu watu wanaisahau wakinunua mitambo ya bei kali.